Mifuko Minne

Alasiri ya kukabidhi vifaa, Dorsaf alipita geti la uwanja wa mbio pale Chebba akiwa na baiskeli mkono wa kulia na mifuko minne mkono wa kushoto, na kati ya hiyo minne ni miwili tu iliyokuwa yake.

Miwili ya buluu, miwili myekundu. Mfuko wa buluu ni wa mtu anapotoka baharini: humo huweka helmeti, miwani, viatu vya baiskeli na chakula cha kutafuna njiani. Mwekundu ni wa anaposhuka kwenye baiskeli: viatu vya kukimbilia, soksi kavu, kofia ya jua. Kwenye mbio za kwingineko mifuko yote hutundikwa uwanja mmoja, na aliyekosea hupiga hatua ishirini akarekebisha. Mbio hizi hazikuwa na huruma hiyo. Mtu aliogelea Chebba karibu kilomita nne, akapanda baiskeli kilomita mia na themanini kuzunguka mashamba ya mizeituni mpaka El Jem na kurudi pwani, akashukia Mahdia, na huko ndiko alikokimbia marathoni nzima. Kwa hiyo mifuko ya buluu ilibaki Chebba, na myekundu ilipakiwa kwenye lori saa kumi na moja kamili jioni. Lori likishaondoka, limeondoka.

Hayo Dorsaf hakuhitaji kuambiwa. Miaka mitatu mfululizo alikuwa amempakilia mumewe. Alijua kwamba Anouar hutaka soksi zikunjwe nje ndani mpaka kisigino, ili mguu uliolowa uingie bila kugombana nazo. Alijua poda ya mtoto hunyunyizwa ndani ya viatu. Alijua bsisa, ule unga wa nafaka zilizokaangwa, hufinyangwa vidonge kwa tende na mafuta ya zeituni, kila kidonge na karatasi yake, maana vile vyakula vya dukani vya kukamua kwenye pakiti humvuruga Anouar tumbo. Na alijua kwamba mfuko hufungwa fundo moja la kuvuta, si mawili, kwa sababu vidole vilivyotoka baharini si vidole vyako tena, ni vya mtu mwingine.

"Dorsaf, binti yangu!" mzee Hedi alimwita kutoka kwenye foleni. Mzee huyo alitoka Bizerte, ana miaka sitini na sita na miguu kama vigingi vya hema, na hakukosa mbio hata moja. "Hebu niambie, wewe ni mshindani au ni punda wa harusi?"

"Punda, ami Hedi. Lakini si unajua punda ndiye hutangulia? Bwana harusi hufuata nyuma na ngoma zake."

Watu wakacheka. Anouar naye alicheka, mkono mmoja kwenye baiskeli yake, mwingine kwenye simu.

"Nimejaa mikono, ami," alisema. "La sivyo ningembebea."

Mwaka huu zamu ilikuwa ya Dorsaf. Hakuipora, alipewa. Binti yao Eya alikuwa na miezi mitatu wakati huo, wako mezani kwa mama mkwe, na Anouar mwenyewe ndiye aliyetamka mbele ya mama yake: "Mwaka huu ni wako, Dorsaf. Mimi nitabeba mtoto na mifuko." Dorsaf alijiandikisha jioni ile ile, kabla mdomo uliosema haujapoa. Mama mkwe, Lella Mbarka, akakubali kukaa na mtoto saa za mazoezi. Ila aliweka mpaka: baada ya majira ya baridi atahamia Sfax kwa bintiye anayetarajia mapacha. "Mwaka mmoja, mwanangu. Nina mikono miwili tu." Na Dorsaf alijua hakuna mikono mingine. Ni Oktoba hii, au labda Eya akiwa msichana wa shule.

Alikuwa muogeleaji tangu utotoni. Anouar alipokutana naye alikuwa hathubutu kuzamisha uso kwenye maji. Dorsaf ndiye aliyemshika tumbo kwa kiganja, bwawani, mbele ya watoto waliokuwa wakimcheka, akamwambia apulize mapovu. Marathoni Dorsaf alishaimaliza mara mbili. Baiskeli alijifunza kwa kumfuata Anouar barabarani. Lakini zote tatu kwa siku moja, toka mwanzo mpaka mwisho, hakuwahi. Alikuwa amezishikilia tu za mwenzake, kama mtu anayeshikilia sahani kwenye karamu ya wengine.

Wiki mbili kabla orodha haijafungwa, Anouar naye akajiandikisha. "Nitakusindikiza," alisema. "Nikiwa karibu utajiona salama." Dorsaf hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba anaogopa. Anouar akaomba hata namba zao zifuatane: mke mia tatu kumi na nane, mume mia tatu kumi na tisa. Mwaka uliopita alimaliza kwa saa kumi na mbili na dakika nne, na zile dakika nne zilikuwa zimemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hilo hakulisema. Dorsaf alilisikia kila alipokohoa.

Getini alisimama mwamuzi, mwanamke wa makamo mwenye kizibao cha njano na sauti kavu.

"Helmeti kichwani. Funga mkanda." Akamgonga Dorsaf utosini kwa kifundo cha kidole, ko, ko. "Nzima. Pita. Usiache kitu kisichofungwa juu ya baiskeli, upepo wa hapa ni mwizi. Helmeti irudi mfukoni. Kesho asubuhi mtagusa baiskeli tu, mifuko haiguswi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

Akatundika baiskeli yake kwenye bomba, kiti kikining'inia. Akapunguza upepo kidogo kwenye matairi yasije yakapasuka kwa jua. Akapangusa mnyororo kwa kitambaa. Kwa muda mfupi, nusu dakika hivi, alisimama tu akiiangalia ile karatasi yenye namba yake, na moyo ukamfurika kama siku alipoona jina la Eya limeandikwa kwenye kitambulisho cha hospitali.

"Dorsaf!" Anouar aliita kutoka bomba la pili. "Zile rababendi za kushikia viatu uliziweka wapi?"

"Mfuko mdogo, upande wa kushoto."

"Hazipo."

"Zipo, Anouar."

"Njoo uone mwenyewe, basi. Mimi sizioni."

Akavua helmeti, akaishika mkononi, akaenda. Zilikuwepo, upande wa kushoto. Akamfungia viatu kwenye kanyagio, kimoja kimoja, vikae mlalo ili mguu ukipita uingie. Hapo lori likapiga honi, na mpakiaji akapaza sauti: "Myekundu! Myekundu! Dakika mbili nafunga!"

"Mifuko, Dorsaf!"

"Nakuja!"

Mifuko minne ilikuwa mchangani miguuni pake. Helmeti ingali mkononi. Akatafuta namba yake, akafungua mdomo wa mfuko, akaizamisha helmeti chini ya nguo, akavuta kamba, fundo moja. Akakimbia na myekundu hadi kwenye lori akairusha, akarudi akatundika ya buluu kwenye kulabu zake, mia tatu kumi na nane na mia tatu kumi na tisa, bega kwa bega kama wanandoa kwenye picha.

"Yangu umehakikisha?" Anouar aliuliza.

"Nimehakikisha."

Ya Dorsaf hakuna aliyeiulizia. Hata yeye mwenyewe.

*

Asubuhi bahari ilikuwa imelala. Saa kumi na mbili na nusu, nje ya uzio, Dorsaf alikaa mchangani akiwa ameteremsha vazi lake la mpira mpaka kiunoni, na Lella Mbarka akamkinga kwa mtandio wake mweupe huku Eya akinyonya.

"Nyonya, mama, nyonya vizuri," bibi alimbembeleza mjukuu. "Mama yako leo ni samaki mpaka jioni."

"Chupa nne ziko kwenye sanduku la barafu, mama. Ya kwanza saa tatu."

"Umeniambia mara sita. Nimelea watano, bado nakumbuka mdomo uko wapi." Kisha akapunguza sauti. "Usishindane na mtu, mwanangu. Maliza tu. Nami nataka kukuona ukipita pale Mahdia, nipige kigelegele mpaka majirani wadhani ni ndoa."

Dorsaf akaegemeza kichwa begani pake kidogo. Ziwa la kushoto lilikuwa limeisha. Akamhamishia mtoto kulia. Eya alimtazama kwa yale macho yake ya kuchunguza, kama karani anayekagua pasi, kisha akasinzia na tone la maziwa mdomoni.

Anouar alikuja akirukaruka mguu mmoja mmoja. "Matairi yangu umejaza?"

"Yote manne. Yako na yangu."

"Allah akuweke. Vidonge ni vingapi?"

"Kumi na viwili. Anouar, leo ni siku yangu, eti? Niambie basi kitu."

Akasimama kurukaruka. Akambusu paji la uso. "Leo ni siku yako," alisema, na Dorsaf akamwamini, kwa sababu wakati ule, inawezekana kabisa, Anouar naye aliamini.

Saa moja king'ora kililia, watu mia nne wakaingia majini.

Baharini Dorsaf hakuwa mke wa mtu wala mama wa mtu. Alikuwa mkono, kisha mkono mwingine, kisha pumzi. Maji yalikuwa na uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa. Aliona yavuyavu mmoja akielea chini yake kama taa iliyozimwa, akampita. Wanaume waliokuwa wakimpiga viwiko mwanzoni akawaacha nyuma, mmoja mmoja. Kwenye boya la mwisho alijikuta akicheka ndani ya maji, na maji yakamwingia puani, akacheka tena.

Alipotoka, sauti ya spika ilikuwa ikitaja namba: "Mia tatu kumi na nane, mwanamke wa tatu kutoka majini!" Saa moja na dakika saba. Alikimbia juu ya zulia la mkeka, akajivuta zipu mgongoni kwa uzi wake, akachomoa mikono, akafika kwenye kulabu, akavuta fundo. Likafunguka kwa mvuto mmoja, kama alivyolifunga.

Viatu. Miwani. Mkanda wa namba. Vidonge kumi vya bsisa.

Akaingiza mkono tena. Akaukung'uta mfuko mchangani. Akaugeuza ndani nje, akausimamisha juu chini kama mtu anayemwaga mchele wa mwisho. Ndipo mkono wake wenyewe ukamkumbusha. Ile nguo laini iliyoipokea helmeti jana haikuwa ya mfuko huu. Ilikuwa soksi kavu na kofia ya jua.

Helmeti ilikuwa Mahdia.

"Nini?" Ni yule mwamuzi wa getini, kizibao cha njano.

"Helmeti yangu. Nimeiweka kwenye mfuko mwekundu."

Mwamuzi alifunga macho kidogo. Hakuwa mtu mbaya. "Bila helmeti huvuki ule mstari, binti. Hata baiskeli huruhusiwi kuiondoa kwenye bomba."

"Ninyi hamna ya akiba? Yoyote. Hata ya mtoto."

"Tuna maji, tuna plasta, tuna machela. Helmeti hatuna."

"Mama mkwe wangu yuko hapo nje ya uzio. Anaweza kumwomba mtu barabarani..."

"Mtu wa nje haruhusiwi kukupa hata pini. Nikiona, nakutoa." Akasita, akatazama huku na huku. "Aliye ndani ya mbio tu. Akijitoa mwenyewe, akinirudishia chipu yake ya kupimia muda, vifaa vyake ni mali yake, ampe amtakaye. Hiyo ndiyo sheria. Una mtu?"

Dorsaf akageuka.

Mfuko wa mia tatu kumi na tisa ulikuwa ukining'inia kiganja kimoja tu kutoka kwenye kulabu yake tupu. "Ninaye," alisema.

"Basi mngoje," alisema mwamuzi, akaenda kumkaripia mtu aliyekuwa akipanda baiskeli kabla ya mstari.

Dorsaf akaweka kiganja kwenye ule mfuko. Helmeti ilikuwa humo. Aliipapasa kupitia kitambaa, mviringo mgumu, kama kichwa cha mtoto kinavyosukuma tumboni mwezi wa nane. Fundo lilikuwa lake. Mvuto mmoja. Mwamuzi alikuwa amempa mgongo, na mgongo ule ulikuwa umetulia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Vichwa vyao vilikuwa karibu sawa. Angekaza mkanda matundu mawili na kuondoka, na angekuwa bado mwanamke wa nne, wa tano.

Akilini aliuona uso wa Anouar akifika pale na kukuta mfuko mtupu. Aliuona jinsi utakavyokunjamana, utafute, kisha uelewe. Akaondoa kiganja. Hapana. Mtu hafanyiwi hivyo. Nitamwambia, naye ataniangalia tu usoni, atajua. Alisema mwenyewe, mbele ya mama yake.

Akakaa chini kumngoja.

Kungoja kwenyewe kulikuwa kurefu. Wanawake aliowapita majini walifika wakiwa wanahema, wakafungua mifuko, wakaondoka na sauti ya viatu vyenye vyuma chini kwenye lami, ka-ka-ka-ka. Mwamuzi akamletea karatasi ya kung'aa ajifunike. Maziwa yalianza kumjaa, akabana mikono kifuani. Mzee Hedi alitokea akiwa na mwani sikioni, akang'oa helmeti yake mfukoni na kuivaa akiwa bado amelowa.

"Punda! Mbona umekaa? Harusi iko huko!"

"Namngoja bwana harusi, ami."

"Ah, hao huchelewa siku zote. Panda, binti, jua lisije likakupata El Jem!" Akaondoka. Dorsaf alifungua mdomo kumwita, akaufunga. Angemwambia nini? Ana mtu wake anakuja.

Dakika ya kumi na tisa ya kungoja, Anouar alitoka majini. Mashavu mekundu, macho yanametameta. Hakuwahi kuogelea vizuri namna ile. Dorsaf alisimama, na moyo ukamruka kwa furaha. Kumwona tu akija mbio, akiwa mzima, na ile mikono ikienda jinsi alivyomfundisha.

"Bado uko hapa?" Anouar alihema. "Una nini, umeumia?"

"Helmeti. Niliitia kwenye mwekundu. Iko Mahdia."

"Uliitia..." Alicheka, kicheko kifupi kilichotoka na maji. "Wewe? Dorsaf wewe?"

"Lori lilikuwa linapiga honi. Nilikuwa nashughulika na baiskeli yako." Akaonyesha kizibao cha njano kwa kidole. "Mwamuzi amesema aliye ndani ya mbio anaweza kunipa. Akirudisha chipu."

Anouar alikuwa amekwisha kuvuta fundo. Helmeti ilikuwa mkononi mwake. Akasimama nayo, na kwa kitambo Dorsaf aliona kwamba anafikiri, anafikiri kweli, na akasogeza kichwa mbele kidogo, kama mtu anayengoja kuvishwa.

Anouar akatazama ile saa kubwa juu ya geti.

"Saa moja na ishirini na sita," alisema. "Dorsaf, hiyo ni dakika kumi chini ya mwaka jana. Unajua maana yake?"

"Najua. Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Basi unajua. Nikishika kasi yangu ya kawaida tu, naingia chini ya kumi na mbili."

"Ulisema mwaka huu ni wangu."

"Na ni wako! Nani amekunyang'anya? Si mimi niliyetia helmeti kwenye mfuko usio wake." Alikuwa anaivaa tayari huku akizungumza, haraka, kama mtu anayekula mbele ya mwenye njaa. "Fikiri kidogo, mke wangu. Kosa limeshatokea. Umekaa hapa dakika ishirini, umepoa. Tukose wote, faida ya nani? Afadhali mmoja wetu amalize."

"Sijaomba tukose wote. Nimeomba nimalize mimi."

Mkanda ulifungika chini ya kidevu cha Anouar, tik. Akahangaika na mgongo wake, mkono ukashindwa kuufikia uzi wa vazi la mpira. Akamgeuzia mgongo.

"Nivutie zipu."

Na mkono wa Dorsaf ukaenda. Hakuutuma. Ulienda wenyewe, kama ulivyokwenda miaka mitatu, ukashika uzi, ukavuta mpaka chini kiunoni. Zipu ikateremka laini, bila kukwama. Alikuwa ameipaka nta mwenyewe juzi.

"Allah akuweke," alisema Anouar, akivua. "Tutaongea jioni, eh? Usilie hapa. Utakuwa Mahdia nikifika? Mama hawezi kuendesha." Akalikanyaga vazi la mpira likamtoka miguuni, akalitumbukiza mfukoni likiwa limelowa, akautundika tena, akachomoa baiskeli. Kwenye mstari aligeuka, akainua kidole gumba juu. Viatu vilikuwa vimekaa mlalo, sawasawa. Miguu ikaingia mara moja.

Dorsaf akatazama mpaka kile kichwa cha helmeti kikapotea kwenye kona ya mizeituni.

Mwamuzi alikuja na ubao wake wa karatasi. Akapiga goti mwenyewe, akamfungua Dorsaf chipu kwenye kifundo cha mguu. "Lazima niandike sababu," alisema, akiwa ameinamia karatasi. "Ninaandika kwamba huna kifaa. Ni sawa?"

"Andika hivyo. Kuna nafasi ya maneno mangapi?"

"Mawili."

"Yanatosha."

Mwamuzi akatia saini, kisha akabaki amepiga goti. "Umeogelea saa moja na dakika saba, nawe una mtoto anayenyonya," alisema kwa ile sauti yake kavu. "Nilikuona pale nje ya uzio asubuhi. Hilo halina mahali pa kuandikwa hapa, lakini nimeliona."

Dorsaf akashukuru. Akakusanya miwani, viatu na vidonge vyake kumi, akarudisha mfukoni. Msichana wa kujitolea aliyekuwa akilinda kulabu akamwonyesha mfuko wa pili, uliokuwa unadondosha maji.

"Dada, huu wa jirani yako nikupe? Familia ndizo zinazochukua."

"Hapana, mpenzi. Mwenyewe atakuja."

"Lakini tunafunga saa sita..."

"Ana watu wa kumpangia," alisema Dorsaf. "Atajua."

*

Nje ya uzio Lella Mbarka alipomwona anakuja akisukuma baiskeli, alisimama ghafla hadi mtandio ukaanguka. "Umeanguka? Umevunjika nini?"

"Sijavunjika, mama." Akamweleza, kwa maneno machache, huku akimpokea Eya na kumweka kifuani. Alieleza la helmeti na la lori. Alieleza pia la Anouar, bila kupandisha sauti, kama anavyoeleza mtu habari za hali ya hewa.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Akapapasa shanga zake. "Naye kaenda?"

"Kaenda."

"Basi..." Bibi alitafuta neno la kufariji, akachukua lililokuwa karibu. "Basi tumshukuru Mungu, mwanangu. Angalau mmoja wenu atamaliza."

Dorsaf alitikisa kichwa taratibu. Eya alinyonya kwa pupa, ngumi yake ndogo imeshika vazi la mpira.

Walifunga baiskeli juu ya gari. Kwenye njia panda ya kutokea Chebba polisi alikuwa amesimamisha magari, kiganja juu, maana njia ya mbio, baada ya duara la kwanza la mashambani, ilirudi kukata pale. Dorsaf akazima injini. Mbele ya kioo walipita mmoja baada ya mwingine, wameinama, magurudumu yakivuma. Wengi aliwajua. Yule mwenye soksi za kijani alikuwa ameachwa kwenye boya la kwanza. Yule mrefu ndiye aliyempiga kiwiko, naye Dorsaf akampita baadaye. Mwanamke mwenye msuko mweusi alitoka majini dakika tano nyuma yake. Watu wa kando ya barabara walikuwa wakipiga makofi na masufuria, mwanamke mmoja akirusha maji kwa kikombe.

Polisi akainama dirishani. "Mtanisamehe, dada. Wapite kwanza wenye mashindano. Mnaelekea wapi?"

"Mahdia," alijibu Lella Mbarka kutoka nyuma, Eya amelala mapajani mwake. "Mwanangu yumo kwenye mbio. Tunakwenda kumpokea."

"Mahdia ni kulia, lakini mtangoja sana. Nusu saa labda."

"Tunakwenda kushoto," alisema Dorsaf. "Nyumbani."

"Kushoto ni wazi. Nendeni."

"Na Anouar?" Lella Mbarka aliinuka kidogo kwenye kiti. "Dorsaf, atafika pale miguu imemvimba. Nani atampa nguo kavu? Nani atamshika?"

Dorsaf akawasha injini. Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, mengi, bila kelele, na hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani.

"Sijui, mama," alisema. "Leo sijampangia."

Lella Mbarka alimtazama mkamwana wake kwenye kile kioo kidogo cha dereva, kama mtu anayesoma maandishi madogo bila miwani. Kisha akakaa vizuri, akamkumbatia Eya kwa mikono miwili, ili kona isimwamshe.